Kibangala, gambusi au udi? Jina la ala ya babu

"Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Amu (Lamu). Alipofariki, ala yake ya muziki ilibaki ukutani kwa bibi miaka mingi, mpaka mwaka jana nilipoichukua kuja nayo Mombasa. Urefu wake ni kama mkono wangu kuanzia begani. Nyuma imeviringana kama tumbo la jahazi, mbele imewambwa ngozi iliyokwisha kuwa nyeusi, na kichwa kimepinda kama mundu. Ina matundu saba ya vijiti vya kukazia nyuzi, vijiti viwili vimepotea. Bibi aliiita kibangala, lakini babu mwenyewe nasikia alikuwa akisema gambusi. Mjomba anasisitiza ni udi, na rafiki yangu kaniambia udi uliitwa hivyo kwa kuwa zamani ulichongwa kwa mti wa udi ule wa kufukiza. Nilipotaja kwamba wazee wengine waliiita kinanda, mwalimu wetu wa kwaya alicheka, akasema kinanda ni piano. Jina lake hasa ni lipi, na maana yake nini? Nauliza kwa sababu nimempata fundi wa magitaa aliye tayari kuibandua ngozi na kuweka ubao, iwe udi wa kweli. Nimruhusu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mwisho wa swali lako: mpigie huyo fundi simu umwambie asubiri. Ala yako si udi uliokosewa ukawambwa ngozi, na ukishasoma jibu hili utaona kwamba jina "udi" lenyewe ndilo linalokukataza kufanya unalotaka kufanya.

Umeniletea majina manne na kila aliyekupa jina ana sehemu yake ya haki, isipokuwa rafiki yako. Mchanganyiko umetokea kwa sababu majina haya hayako kwenye ngazi moja. Mawili ni ya ala uliyo nayo, moja ni la ala nyingine iliyo jamaa yake, na moja lilikuwa jina la jumla ambalo baadaye lilihamia kwenye kitu kingine kabisa.

Kwa maelezo yako, na hasa kwa ile ngozi, kile kichwa cha mundu na yale matundu saba, uliyo nayo ni kibangala, kama alivyosema bibi. Gambusi ni jina la pili la kitu hicho hicho. Ala hii huchongwa kutoka gogo moja: fundi hulifukua ndani mpaka pabaki ganda jembamba, na shingo hutoka kwenye gogo lile lile bila kiungo, mwili ukipungua taratibu hadi kuwa shingo, kama peya. Sehemu ya chini huwambwa ngozi, aghalabu ya mbuzi. Nyuzi saba ndizo desturi yake, na huwa zimepangwa jozi tatu na mmoja ulio peke yake. Ukiigeuza na kupitisha kidole mgongoni, hutakuta mahali pa kuunga.

Udi ukiugeuza, utaona mistari. Mgongo wake umeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kwa moto na kugundishwa kimoja kando ya kingine, hata unafanana na mistari ya tikiti. Shingo ni kipande mbali kilichounganishwa, fupi, haina vizuizi vya vidole, na kichwa kimevunjwa kwenda nyuma karibu pembe mraba. Usoni hakuna ngozi hata kidogo. Kuna ubao mwembamba wenye tundu moja au matatu, mara nyingi yaliyozibwa kwa nakshi. Nyuzi zake ni nyingi zaidi, na mpangilio ulio wa kawaida leo ni jozi tano na mmoja wa peke yake, yaani 11.

Sasa tuje kwenye jina. Kwa Kiarabu *'ud* ni neno la kila siku lenye maana ya kijiti, ufito, kipande cha mti. Njiti moja ya kiberiti Mwarabu huiita *'ud*. Kwa hiyo ule udi wa kufukiza na ule wa kupigwa ni kweli neno moja, na hapo ndipo rafiki yako alipoteleza: ameona majina mawili yanafanana akadhani kimoja kimezaliwa na kingine. Ukweli ni kwamba ni ndugu wa mama mmoja. Wafanyabiashara wa manukato walikuwa na vijiti vyao vya thamani wakaviita *'ud*, na wanamuziki nao walikuwa na ala yao ya mti wakaiita *'ud*. Sisi tulizipokea zote mbili kwa njia ya bahari, tukaangusha ile sauti ya kooni iliyo mwanzoni kwa kuwa hatuna, tukaongeza irabu mwishoni kwa kuwa neno letu halipendi kuishia na konsonanti, na zote mbili zikawa *udi*. Ndiyo maana msemo wetu "kwa udi na uvumba" hauhusiani na taarab. Huo ni udi wa chetezo, jirani wa uvumba.

Tena fikiria kifundi kidogo. Udi wa kufukiza hutoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria inayoota Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, na harufu haimo katika mti mzima. Imo katika utomvu mzito ambao mti huutoa pale unapojeruhiwa na kuingiliwa na kuvu. Mti ulio mzima ni mweupe, mwepesi na laini. Ile sehemu yenye utomvu huuzwa kwa mizani kama dhahabu. Hakuna seremala aliye na akili zake angeufanya mgongo wa ala, na angekuwa nao kiasi cha kutosha angeacha useremala.

Basi kwa nini ala iitwe "mti", wakati ala karibu zote za nyuzi ni za mti? Hapa kuna maelezo zaidi ya moja. Wako wanaosema jina linatokana na zile mbao nyembamba za mgongoni, na wako wanaolihusisha na neno la Kiajemi *rud* lenye maana ya uzi wa ala. Maelezo ninayoyaona mazito kuliko yote ni yale yanayoangalia uso wa ala. Waarabu wa kale walikuwa na ala za nyuzi zilizowambwa ngozi. Ilipoingia ile yenye uso wa ubao, kilichoitofautisha na zilizotangulia ni huo ubao, nayo ikaitwa kwa kile kilichowashangaza watu. Ndivyo majina mengi yanavyozaliwa. Sisi tuliona gari linalokwenda kwa moshi tukaliita gari la moshi, ingawa moshi si kazi yake.

Ukilichukua jina kwa maana hiyo, *udi* ni sawasawa na kusema "ile ya ubao". Yako ni ile ya ngozi. Kuiita udi ni kuipa jina la mpinzani wake.

Nikutajie na hili, maana linanifurahisha kila nikilikumbuka: Waarabu walipofika Hispania na ala hii, wenyeji hawakutenganisha jina na kile kiambishi cha mbele, *al-'ud*. Wareno wakasema *alaúde*, Wahispania *laúd*, Wafaransa *luth*. Ile L yote ya Ulaya ni mabaki ya *al*. Sisi wa Pwani tuliokaa na Waarabu nyumba moja tulijua pa kukata.

Gambusi nayo ina safari yake. Yemeni ala hii huitwa *qanbus*, na katika jiji la Sana'a ina jina jingine, *turbi* au *tarab*, ambalo sikio lako litalitambua mara moja. Nyimbo za Sana'a zinazoimbwa kwa ala hii, mwimbaji akisindikizwa na sahani ya shaba inayogongwa kwa ncha za vidole, zilitangazwa na UNESCO mwaka 2003 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika. (Nayo sahani hiyo huitwa *sahn*. Kabati la jikoni kwako limejaa Kiarabu.)

Angalia jinsi *qanbus* ilivyogeuka *gambusi*, kwa sababu neno lenyewe linatueleza nani aliyelileta. N ikikaa mbele ya B hugeuka M. Ndivyo *minbar* ilivyokuwa mimbari na *anbar* ikawa ambari. Hilo ni jepesi. Lenye kusema zaidi ni ile G. Kwa kawaida herufi *qaf* ya Kiarabu, ile Q ya *qanbus*, inapoingia Kiswahili huwa K: kalamu, kadhi, kabila, kahawa. Kama gambusi ingetufikia kwa njia hiyo, leo tungesema "kambusi". Tunasema G kwa sababu Hadhramaut na sehemu kubwa ya Yemeni watu huitamka herufi hiyo G. Wao husema *gahwa*. Neno hili, kwa hiyo, lina alama za midomo ya mabaharia, wafanyabiashara na masharifu wa Kihadhrami, watu wale wale walioijaza Amu, Mombasa na Unguja. Naliona kuwa neno lililosikiwa barazani na katika jahazi kabla ya kuonekana kwenye karatasi.

Hao Wahadhrami hawakuishia kwetu. Ngazija na visiwa jirani ala hii ni *gabusi*. Bukini (Madagaska) iko *kabosy*, ingawa ya huko sasa imekuwa ya kisanduku na inakaribia gitaa. Malaysia na Indonesia ni *gambus*. Chora mstari kuunganisha sehemu hizo nawe utakuwa umechora njia ya pepo za kaskazi na kusi. Nyuma ya Yemeni, wengi wanaofuatilia historia ya ala hulirudisha jina kwa Waturuki, kwenye neno *kopuz*. Mahmud al-Kashgari, aliyeandika kamusi ya lugha za Kituruki katika karne ya 11, tayari analo. Huko Kazakhstan jina hilo hilo, *kobyz*, leo ni la ala inayopigwa kwa upinde wa singa za farasi, si kwa kudonolewa. Jina limesafiri, ala zimebadilika njiani. Kwa hiyo ukiniuliza gambusi maana yake nini, nitakujibu kwamba kwa Kiswahili maana yake ni gambusi: limekuja kwetu likiwa jina la ala, halina kijiti wala ufukizo uliojificha ndani yake.

Kuhusu kinanda, mpe mwalimu wako wa kwaya kazi ndogo. Afungue Biblia ya Kiswahili ya Union, Zaburi ya 150, aya ya tatu: "Msifuni kwa kinanda na kinubi." Kwa Kiebrania hapo pana ala mbili, *nevel* na *kinnor*, na zote ni za nyuzi za kudonolewa. Waliotafsiri walichagua kinanda kwa sababu kwa Waswahili wa wakati ule kinanda kilikuwa ala ya nyuzi. Piano ilibuniwa Italia karibu mwaka 1700, kwa hiyo Daudi asingeweza kuambiwa aipige. Wazungu walipokuja na ala zao zenye vibonyezo, watu walizipa jina lililokuwepo, na kwa kuwa zilienea makanisani na mashuleni, jina likahama nazo. Kwa mwalimu wako kinanda ni piano, na kwa leo hajakosea. Kwa wazee wako kilikuwa kibangala, nao hawakukosea. Huko Amu neno hilo lilikwenda mbali zaidi, likawa hata jina la muziki na ngoma yenyewe iliyochezwa kwa ala hiyo, kabla neno taarab halijatawala.

Mjomba naye nisimwache pembeni. Yeye anazungumza kama walivyozungumza watu wa kizazi chake mjini. Husimuliwa Unguja kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Baadaye, mwaka 1905, kikaundwa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa, na kutoka hapo ladha ya Misri ikawa ndiyo ladha ya taarab. Udi una sauti nene na ndefu, unakaa vizuri pamoja na fidla na kanuni. Gambusi ilirudi nyuma, na udi ukawa jina ambalo watu hulitaja wakiona tumbo la mviringo na nyuzi. Wamalai walipatwa na jambo hilo hilo upande wa pili: kwao *gambus* ndilo lililobaki jina la zote mbili, ikabidi waseme gambus ya Kimalai kwa ile ya ngozi na gambus ya Hadhramaut kwa iliyo kama udi. Kwa hiyo usigombane na mjomba. Mwonyeshe tu ngozi.

Huko Amu wachonga kibangala walikuwa watu wa heshima. Muhammad Kijuma, aliyefariki 1945, anajulikana kwa hati zake nzuri, mashairi na milango aliyochonga, na anakumbukwa vilevile kwa muziki na kwa kibangala. Mkono mmoja ulishika kalamu, patasi na ala. Silitaji hili ili uanze kuota kwamba ya babu yako ni kazi yake. Nalitaja ujue kwamba ala hii ilitoka kwenye mila ile ile ya uchongaji unayoiona kwenye milango ya mji.

Turudi kwa fundi wako. Simtilii shaka ustadi wake, ila anaijua ala nyingine. Ngozi na ubao hufanya kazi tofauti. Uzi ukidonolewa, mtikisiko hupita kwenye daraja kuingia usoni. Ngozi ni nyepesi, huitikia papo hapo na kunyamaza upesi, ndiyo maana sauti ya gambusi ni kali, kavu, yenye mdundo ndani yake, karibu na ngoma. Ubao huchelewa kidogo na hushikilia sauti. Ukiweka ubao hutapata udi, kwa sababu tumbo la gambusi ni dogo na jembamba mno kwa sauti ya udi. Utapata kitu kisicho huku wala kule. Tena ubao unahitaji ukingo ulio sawa wa kukalia na vipande vya kuuimarisha kwa ndani, kwa hiyo atalazimika kuupiga randa ukingo wa gogo la babu. Akishaukata, haurudi. Na akikutilia nyuzi za waya za gitaa, mvuto wake ni mkubwa kuliko ganda lile lilivyokusudiwa kubeba, na gogo kavu la miaka mingi hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, kuanzia pale shingo inapokutana na tumbo. Nimewahi kuletewa moja iliyofanyiwa hivyo, na juu yake ikapakwa vanishi ya samani. Mwenyewe alitaka niirudishe ilivyokuwa. Haikuwezekana.

Unazo njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuiacha kama ilivyo, isipigwe, iwe kumbukumbu. Ngozi ile nyeusi ni jasho la mkono wa babu na moshi wa nyumba ya bibi, na kwa mtu wa makumbusho hiyo ni habari, haihesabiwi kuwa uchafu. Ya pili ni kuiwamba upya ngozi ya mbuzi ili ipigwe tena. Hili si dhambi, kwa sababu ngozi ilikuwa ikibadilishwa tangu zamani kila ilipochoka. Mimi ningependelea hili ikiwa kuna mtu katika familia atakayejifunza kuipiga, na ningeiacha kabisa ikiwa lengo ni kuitundika sebuleni. Ukichagua kuwamba, tafuta fundi wa ngoma kabla ya fundi wa gitaa, kwani ngozi anaijua yeye. Ngozi ya zamani usiitupe: ikunje kwenye kitambaa cha pamba uihifadhi pamoja na ala.

Kwa sasa legeza nyuzi zilizobaki, ila usizitoe zote. Ngozi hunywa unyevu wa hewa: wakati wa masika hulegea na sauti ikawa butu, na wakati wa ukavu hukaza hadi ikachanika. Usiilazimishe kwa kuianika juani wala kuisogeza motoni kama wafanyavyo wapiga ngoma, maana ngoma ina ubao mnene wa kuhimili na yako haina. Usipake mafuta, usifute kwa maji. Brashi laini kavu yatosha. Siku ukiweka nyuzi, ziwe za nailoni. Hata mshipi wa kuvulia ni bora kuliko waya.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Ukiona unga mwembamba wa mbao unadondoka chini yake, kuna mdudu hai ndani, na hapo ifunge kwenye mfuko peke yake mbali na samani nyingine, kisha umpelekee mtu anayehifadhi vitu vya kale. Ufa unaofunguka na kufumba ukibonyeza taratibu, au ngozi iliyoanza kubanduka ukingoni, nao vinahitaji kushikwa kwa mkono. Ukiwa Mombasa, anzia makumbusho ya Fort Jesus. Ukienda kwa bibi, pitia makumbusho ya Lamu, uulize na wazee wa mtaani ni nani aliyechonga, maana mchongaji mmoja hutambulika kwa alivyokikata kichwa. Kwa kujifunza kupiga, wapigaji wa udi wataweza kukuanzisha mkono wa kulia, ingawa vidole vya kushoto utalazimika kuvizoesha upya kwa sababu shingo ni nyembamba.

Kabla ya mtu yeyote kuigusa, piga picha kila upande, na chukua tochi ndogo umulike ndani kupitia mahali ngozi ilipoachia au tundu lolote lililopo. Angalia sakafu ya tumbo na mwanzo wa shingo. Ukikuta hata alama moja ya wino au mchoro wa patasi, usiufuatishe kwa kalamu ili uonekane vizuri. Upige picha kama ulivyo, unitumie.